Robine Hii Ni ya Nani? Wito kwa Watu wa Masisi na Walikale

Ndugu zangu wa Masisi na Walikale, mlio majumbani, mlio kambini, na ninyi mliokwenda Goma, Kampala, Nairobi au Ulaya huku moyo ukibaki milimani, nawaandikia habari za robine.

Katika vijiji vyetu vingi, kuanzia njia ya Sake hadi Pinga, kutoka Nyabiondo hadi Mubi, kuna kiukuta cha saruji chenye robine mbili au tatu. Kimeandikwa jina la shirika lililojenga, kikachorwa bendera ya nchi iliyotoa fedha, kikatiwa mwaka. Robine moja inatoa maji, ya pili inadondoka mchana na usiku, ya tatu imezibwa kwa kipande cha tairi na kamba. Ukiuliza ni ya nani, utaambiwa ni ya mradi. Ukiuliza mradi uko wapi, utaambiwa ulikwisha. Ukiuliza nani ataitengeneza, watu wanatazama upande wa Goma.

Sasa mtazameni mwenye chukudu, kile kigari chetu cha mbao. Gurudumu likivunjika asubuhi kwenye mteremko wa Mushaki, jioni chukudu iko njiani tena na viazi vyake. Mafundi ni walewale, mbao ni za milima ileile, na umaskini ni uleule. Ila chukudu ina mwenyewe, naye anajua kwamba asipoitengeneza watoto watalala njaa. Robine haina. Huo ndio ugonjwa ninaotaka tuutibu, na dawa yake haingojei ndege kutoka Geneva wala sahihi ya Kinshasa: tuandike kwenye karatasi kwamba maji haya ni ya watu hawa, yanaendeshwa na huyu, na hesabu zake zinakaguliwa na wale.

Najua mtakachosema: maji na umeme ni kazi ya serikali. Ni kweli. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 48, inatuhakikishia maji ya kunywa na umeme pamoja na makazi yenye heshima. Lakini haki iliyoandikwa haina bomba. REGIDESO, shirika la maji, ni ya tangu 1939, enzi ya Wabelgiji. SNEL, shirika la umeme, ilianzishwa 1970. Zote mbili zililelewa kwa ajili ya miji na viwanda, na mzee wa Nyabiondo au Itebero anaweza kuzeeka bila kuona bili ya SNEL hata moja. Silaumu mtu hapa. Ninachotaka ni tusome sheria zilizokuja baadaye, maana zimebadilisha mambo na vijijini hakuna aliyetangaziwa.

Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliufungua mlango wa umeme. SNEL si peke yake tena. Mwingine naye anaweza kuzalisha na kuuza, mradi awe na kibali kinacholingana na ukubwa wa mtambo wake, na mitambo midogo haisumbuliwi kama ile mikubwa. Chini ya sheria hiyo zikazaliwa ARE, mamlaka ya kusimamia sekta na kuangalia bei, na ANSER, wakala wa kupeleka umeme vijijini. Kisha ikaja sheria ya maji, nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Hiyo inasema maji ni mali ya umma, na huduma ya maji ya kunywa inawekwa chini ya mikoa na ngazi zilizo karibu na raia: komini, sekta na sheferi.

Kwetu maana yake ni hii. Masisi, wenye jukumu ni sheferi ya Bahunde, sheferi ya Bashali, sekta ya Osso-Banyungu na sekta ya Katoyi. Walikale, ni sekta ya Wanianga na sekta ya Bakano. Majina hayo sita tunayajua tangu utotoni, tunayaandika kwenye fomu za shule, lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kwenda kwenye ofisi ya mojawapo kuuliza: katika bajeti ya mwaka huu, maji yana mstari gani?

Watu wa Goma wana umeme kutushinda, na bado hatuna sababu ya kuwaonea wivu katika kila jambo. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na umeme ukakatika, maji nayo yalikatika, kwa kuwa maji ya Goma hupandishwa kutoka ziwani kwa pampu. Familia zikashuka ufukweni na mabidoni kuchota maji mabichi ya Ziwa Kivu, na kila mmoja akijua kipindupindu kinasubiri. Umeme wenyewe kwa sehemu kubwa hutoka Matebe, kule Rutshuru, kwenye mtambo wa Virunga Energies uliozinduliwa mwaka 2015: kampuni yenye uhusiano na hifadhi ya Virunga, si serikali tupu wala mfanyabiashara wa kawaida. Mtindo huo wa umiliki umeuletea mji taa nyingi. Lakini waya ni mrefu na unapita mahali pa hatari.

Milimani sisi hatuhitaji pampu. Chemchemi iko juu, kijiji kiko chini, na maji yanashuka yenyewe. Hiyo ni neema ambayo mji wowote ungeilipia mamilioni. Lakini ina masharti yake, na mtu asiyeyajua atadhani bomba lake limelogwa. Maji yakishuka mita 10 za wima, msukumo ndani ya bomba huongezeka kwa takriban baa 1. Chemchemi ikiwa mita 200 juu ya soko, usiku robine zote zikifungwa bomba la chini hubeba karibu baa 20. Tazameni bomba la plastiki kabla ya kulifukia: limepigwa chapa namba, mara nyingi 10 au 16, na hicho ndicho kikomo chake kwa baa. Ndiyo maana fundi mzuri huweka katikati ya mteremko kisanduku cha saruji ambamo maji huingia, hupumua, kisha huanza safari upya bila ule msukumo wa juu. Wengi tunakiona kisanduku hicho kama tanki la ziada. Tunakifunua tufulie nguo, au tunakipita kwa bomba la mkato ili maji "yaje na nguvu". Wiki mbili baadaye bomba linapasuka chini ya shamba la mtu, na tunasema mradi ulikuwa mbovu.

Halafu kuna wa juu na wa chini. Mwenye malisho huko juu akitoboa bomba kidogo tu kunywesha ng'ombe, robine ya chini inakohoa hewa. Hapo hakuna uhaba wa fedha wala wa ufundi. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kupanda mlima na kusema: bwana, ziba.

Suala la umiliki linaumiza zaidi hapo, na nawaomba tulitazame bila woga. Chemchemi nyingi za Masisi ziko ndani ya malisho makubwa yenye hati. Mwenye hati anasema maji ni yake kwa kuwa yanatoka kwake. Hapana. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, ardhi yote ni ya taifa na yeye amepewa haki ya kuitumia. Na kwa sheria ya 2015 maji yenyewe ni ya umma. Anachokimiliki ni ng'ombe na uzio. Lakini kumshinda kwa sheria hakutoshi, maana yeye ndiye jirani wa bomba. Kaeni naye, mwandikiane: njia ya bomba inapita hapa, chemchemi inazungushiwa uzio umbali huu, ng'ombe wanapata birika lao kwenye bomba la pembeni, na makubaliano haya yatabaki hata malisho yakiuzwa. Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kuliko saruji yote, kwa sababu kwetu malisho hubadilisha wenyewe kila vita vinapopita. Na jambo moja dogo: msipande mikaratusi karibu na chemchemi. Tunaipenda kwa mbao na makala, lakini inakunywa sana.

Sasa nije kwenye kiini. Huduma yoyote ya umma, iwe ya taifa zima au ya lokalite moja, ina viti vitatu. Kuna mwenye mali, kuna anayeendesha, na kuna anayemchunga huyo anayeendesha. Kwa mfano, Uganda ilikodisha mtandao wake wa kusambaza umeme kwa kampuni iitwayo Umeme kwa miaka 20 kuanzia 2005. Tarehe 31 Machi 2025 mkataba ulikwisha na kazi ikarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Wakagombana sana juu ya fidia, lakini hakuna aliyebishana nguzo ni za nani, kwa kuwa hilo liliandikwa tangu siku ya kwanza. Huku kwetu, mara nyingi viti vyote vitatu amekalia mtu mmoja: katibu wa kamati ya maji, ambaye pia ni ndugu wa chifu, ndiye mwenye ufunguo wa vani, ndiye anayekusanya franka, na ndiye anayetusomea hesabu, akizisoma. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Siku akihama au akifa, mfumo mzima unazikwa naye.

Kwa hiyo tuvitenganishe. Mali iwe ya watumiaji wote, chini ya sekta au sheferi yao kama sheria inavyotaka. Uendeshaji apewe fundi anayelipwa, hata kidogo, kwa mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuvunjwa. Ukaguzi ufanywe na watu wasio na undugu na fundi wala na mweka hazina: mwalimu, muuguzi, mama wa sokoni. Nasema mama kwa makusudi. Bidoni la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na wanaolibeba kupanda mlima ni wanawake na wasichana. Robine ikifa, wao ndio wa kwanza kujua. Basi wawe wa kwanza kuulizwa, na ufunguo wa sanduku la fedha ukae kwao.

Mfano upo: kule kusini mwa Tanzania, wilaya ya Ludewa, watu wa Lupande, Madunda na Mawengi waliungana wakaanzisha jumuiya ya watumiaji umeme, wakaiita LUMAMA, kwa herufi za mwanzo za majina yao. Mtambo wao wa umeme wa maji, wa kilowati 300, ulijengwa kwa msaada wa shirika la Kiitalia, ACRA. Wao pia wangeweza kusema ni umeme wa Waitalia. Walichagua kuwa wanachama, walipe, wapige kura.

Walikale ingeweza kufanya hivyo mara kumi. Ina msitu, ina mvua, ina Lowa na Oso na vijito visivyohesabika. Hesabu yenyewe si ngumu: kijito kinachotoa lita 100 kwa sekunde, kikianguka mita 20, kinaweza kutoa kilowati 10 hivi za kutumika, hata kwa mashine isiyo ya kisasa. Kilowati 10 ni kidogo kwa kampuni, ila kwa kijiji ni friji ya chanjo, taa za nyumba nyingi, simu za watu wote, na mashine ya kusaga. Shida inaanza pale vyote vinapotakiwa saa ileile. Mwenye mashine ya kusaga anataka kusaga jioni kwa kuwa ndipo akina mama wanarudi shamba. Wodi ya wazazi inataka taa. Na mwenye baa ana televisheni, kuna mpira, na ndiye anayelipa zaidi. Nani aamue?

Hilo swali, ndugu zangu, ndilo hilohilo ARE inaulizwa Kinshasa, ila la kwetu lina majina ya watu tunaosalimiana nao kila siku. Jibu langu: wodi kwanza wakati wote, mashine ya kusaga mchana hadi saa kumi na moja, taa za nyumba usiku, baa ipate kinachobaki na ilipe bei ya juu. Mnaweza kupanga tofauti. Lakini ratiba ichorwe kwa rangi kwenye ukuta wa kibanda cha mtambo, iwe kubwa, ili fundi akishikwa shati na mwenye baa aweze kunyoosha kidole ukutani.

Kuhusu kulipa, najua wapo wanaoona ni dhambi kuuza maji. Siuzi maji, ni ya Mungu na ya umma. Tunalipia mpira mdogo ulio ndani ya robine, saruji ya kisanduku, na miguu ya fundi anayepanda mlima. Tuchukue mfano: nyumba 100, kila moja franka 500 kwa mwezi. Ni franka 50,000, karibu dola 20. Hazijengi mtandao mpya, lakini zinatosha kuzuia uliopo usife, kwa sababu robine nyingi huuawa na ule mpira. Wakimbizi wa ndani wasilipe, wala wajane wazee, wala kituo cha afya. Haya yaandikwe pia, maana huruma isiyoandikwa huishia kwa ndugu wa mweka hazina. Mashirika yanayoleta maji bure kwa magari kambini yanaokoa maisha, na tunashukuru. Tunawaomba tu, kabla hawajaondoka, waketi na kamati ya kijiji kinachowapokea wakimbizi, kwa sababu robine ni moja na foleni ni moja.

Mitandao mipya na mabomba makubwa yanahitaji fedha nyingine, nazo zipo. Kwa sheria ya madini kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, mrabaha wa madini hugawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 sekta au sheferi au komini yenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Bisie, huko Walikale, imekuwa ikitoa bati kwa kiwango cha viwanda tangu 2019, nalo linatumika kuunganisha nyaya ndani ya simu duniani kote. Kabla ya hapo wachimbaji walibeba madini mgongoni kupitia msituni, na ndege ndogo zikatua barabarani kabisa, pale Kilambo, kwa kuwa kipande hicho cha lami ndicho kilichokuwa kiwanja. Barabara ya umma ilitumika kutoa mali, na watu wa kandokando wakabaki na vumbi. Tusirudie. Asilimia 15 ina anwani: ni ofisi ya sekta. Vijana wa shirika la raia, ombeni bajeti, isomeni hadharani sokoni, muulize mstari wa maji na mstari wa umeme. Si uasi, ni kusoma tu.

Mtaniuliza: bajeti gani, wakati wenye bunduki wanabadilishana? Masisi-kati ilibadilisha mikono mwanzoni mwa Januari 2025. Walikale-kati ilitekwa tarehe 19 Machi na kuachwa wiki mbili baadaye. Rubaya na coltan yake ilichukuliwa tangu Aprili 2024. Ndiyo, na ndiyo maana nasisitiza mali iwe ya watumiaji kwa jina lao. Kamati isichague upande, isibadilishwe kila bendera inapobadilika, na kila kamanda anayefika aonyeshwe kwa upole kwamba hata sheria ya vita inalinda mitambo ya maji ya kunywa: ni kifungu cha 14 cha Itifaki ya Pili ya 1977 ya Mikataba ya Geneva. Kitafsirini, kibandikeni kwenye mlango wa tanki. Wapo watakaokicheka, na wapo watakaokisoma.

Na kamati iwe ya wote. Tunakumbuka mauaji ya soko la Ntoto mwaka 1993 na moto ulioenea kutoka pale. Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga, Mtembo, Mkano, Mkumu: anayechota kwenye bomba hilo ana kiti kwenye mkutano wake. Kamati ya kabila moja haitadumu, na siku ikianguka bomba litakatwa kwa panga mchana kweupe.

Ninyi mlio mbali, mnaochanga kwenye vikundi vya simu, nawaomba jambo moja kabla ya kutuma fedha: ombeni picha ya ukurasa wa daftari, wala si ya robine. Anayewaonyesha nani amelipa, nani amenunua nini na nani amesaini, huyo mtumieni.

Na ninyi mlio nyumbani, hatua ya kwanza haihitaji fedha. Iteni mkutano baada ya misa au ibada au siku ya salongo, ile kazi ya pamoja, mbele ya chifu wa lokalite. Andikeni ukurasa mmoja: bomba linaanzia wapi na kuishia wapi, linamilikiwa na nani, fundi ni nani, anayekagua ni nani, kila nyumba inalipa kiasi gani na nani amesamehewa. Wasaini wote, asiyejua kuandika aweke dole. Nakala moja ibaki kwa mweka hazina, ya pili iende kwenye ofisi ya sekta au sheferi ipigwe muhuri, na ya tatu, hata kama ni picha ya simu, ipelekeni kwa mtu mnayemwamini nje ya kijiji, kwa sababu ofisi zetu zimeshachomwa mara nyingi mno. Anzeni wiki hii.